Tochi ya gesi nyumbani: pesa zianzie kati ya mtungi na mkono

Chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Gari lililokaa Mombasa miaka kumi, liwe la Kisauni, Likoni au Changamwe, bolti zake za egzosi na za miguu huwa zimeshikana na nati hadi kichwa cha bolti kinakatika kabla uzi haujalegea. Ndipo mtu mwenye gereji ndogo nyuma ya nyumba huamua kwamba sasa anataka tochi yake ya gesi, yaani kifaa cha mkononi cha kupasha na kukata chuma kwa moto. Nimeipita njia hiyo, na nimeshaishi na moto huu kiasi cha kujua wanunuzi wapya hukwama wapi. Pesa zao huishia kwenye mitungi na tochi inayong'aa. Vile vidude vya katikati, ambavyo ndivyo vinavyomlinda mtu, hununuliwa kwa chenji iliyobaki au huachwa kabisa.

Kabla ya kwenda dukani, andika kazi unazotarajia kufanya kwa mwaka mzima. Ikiwa ni kupasha bolti zilizoganda, kupinda vyuma vyembamba na kuunganisha paipu za shaba za friji, tochi ya gesi ya kupikia inayovuta hewa yenyewe inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Haihitaji oksijeni. Ni regyuleta moja (kidude cha kupunguza shinikizo la gesi inayotoka mtungini), mpira mmoja na kichomeo, na unalala ukiwa na mtungi mmoja wa kuuwazia badala ya miwili. Wengi wetu tungeishia hapo na tusingekosa chochote.

Ukilazimika kukata chuma, oksijeni haikwepeki. Swali linabaki la kuichanganya na nini: asetilini, yaani gesi ya mafundi wa kuchomelea, au gesi ya kupikia. Asetilini na oksijeni hutoa moto wa kiasi cha nyuzi 3,100 za Selsiasi, na joto lake hujikusanya kwenye ncha ya koni ndogo ya ndani. Ndiyo gesi ya kuchomelea bati jembamba la bodi. Gesi ya kupikia na oksijeni hufika karibu nyuzi 2,800, joto lake limetawanyika zaidi, na haifai kuyeyusha chuma kwa chuma kwa sababu kiungo hutoka kibovu. Lakini kwa kukata, kupasha na kulehemu kwa brasi, inafanya kazi safi. Maoni yangu kwa gereji ya nyumbani ni haya: chukua oksijeni na gesi ya kupikia, na kazi ya kuchomelea bodi iachie mashine ya umeme. Asetilini ni gesi ya mtu aliyefundishwa kazini na mwenye banda lililo mbali na vyumba vya kulala.

Uchaguzi huo una gharama yake, na wauzaji huwa hawaisemi. Kwa kila sehemu moja ya asetilini, tochi huvuta oksijeni kutoka mtungini kiasi cha sehemu moja na kidogo. Kwa gesi ya kupikia huvuta karibu sehemu nne. Gesi yenyewe ni rahisi na hupatikana kila mtaa, lakini oksijeni itaisha upesi. Hesabu yake si ngumu: zidisha ujazo wa mtungi kwa lita na shinikizo linaloonyeshwa na geji kwa bar, ambayo ni kipimo cha shinikizo. Mtungi wa lita 40 ulio na bar 150 una lita 6,000 za oksijeni. Mtungi mdogo wa lita 10 una 1,500. Nozeli, yaani ncha ya tochi inakotoka moto, ya kukatia bamba la milimita 6 hadi 12 inaweza kutumia zaidi ya lita 1,500 kwa saa ukijumlisha moto wa kupasha, kwa hiyo ule mdogo haufikishi hata saa moja ya kukata mfululizo. Anayeununua kwa kuwa ni mwepesi atakuwa njiani kwenda kujaza kila wiki.

Sasa twende dukani. Maduka ya hadiwea na vifaa vya ufundi ya kuanzia Mwembe Tayari kuelekea Makupa yana kila kitu, kizuri na kibovu, wakati mwingine kwenye rafu moja. Anza na regyuleta. Regyuleta ya jikoni hairekebishwi na hutoa shinikizo dogo mno, takribani bar 0.03, kwa hiyo usidanganyike kwamba itaendesha tochi ya kukatia. Unahitaji ya shinikizo la juu inayorekebishwa kwa mkono na yenye geji. Angalia pia valvu ya mtungi wako, kwa sababu ile ya kilo 6 na ile ya kilo 13 hazifungwi kwa namna moja. Upande wa oksijeni, nati hufungwa kulia kama kawaida. Upande wa gesi inayowaka nyuzi ni za kushoto, na nati yake ina mkato mdogo kwenye pembe ili mkono uitambue hata gizani. Kuna regyuleta za asetilini kutoka Uchina zinazofungwa kwa kibano badala ya nyuzi, na haziingii kwenye mitungi yenye valvu ya nyuzi. Jua utakodi mtungi wa aina gani kabla ya kulipia regyuleta.

Mipira ndiyo watu huibania pesa. Rangi zake si pambo: bluu ni oksijeni, nyekundu ni asetilini, na rangi ya machungwa ni gesi ya kupikia. Mpira mwekundu wa asetilini ukipitishiwa gesi ya kupikia hulika kutoka ndani polepole, na kwa nje hauoni chochote mpaka siku unapopasuka mahali ulipopinda. Mita 5 hadi 10 zinatosha. Ncha ziwe zimebanwa kwa mashine na pete ya chuma. Ukiona waya wa kufungia au klipu ya redieta, uache mpira huo hapo hapo dukani. Wala usiunge mpira uliopasuka kwa kipande cha paipu ya shaba. Kwa asetilini hilo ni jambo la kufa na kupona, kwa sababu gesi hiyo ikikutana na shaba tupu hutengeneza unga unaolipuka kwa mtikisiko tu. Viungio vya brasi vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo ni salama, shaba ya mabaki ya friji si salama.

Halafu vizuia-moto. Hivi ni vipande vya silinda vya urefu wa kidole vinavyofungwa kwenye regyuleta, kimoja upande wa oksijeni na kimoja upande wa gesi. Ndani yake mna kichungi cha chuma kinachozima moto unaorudi nyuma, na valvu inayokatiza gesi. Muuzaji atakuambia tochi tayari ina valvu za njia moja kwenye mpini. Ni kweli, na zinasaidia kuzuia gesi moja isiingie kwenye mpira wa nyingine. Lakini valvu ya njia moja haizimi moto. Moto ukishaingia ndani ya mpira hukimbia kwa kasi kuelekea kwenye mtungi, na kitu pekee kinachousimamisha ni kile kizuia-moto. Bei ya viwili ni ndogo ukiipima na bei ya seti nzima. Mtu akiniambia pesa zimembana, namshauri anunue tochi ya bei ya chini kidogo na vizuia-moto halisi. Kawaida vinabadilishwa kila miaka mitano kutoka tarehe ya kutengenezwa, kwa hiyo isome tarehe hiyo kabla hujalipa, maana kuna vilivyokaa rafuni miaka mitatu.

Tochi yenyewe nitaipita haraka. Iwe na viungio vya kuingiza, kichwa cha kukatia na nozeli zake mbili. Nozeli ya asetilini ni kipande kimoja, ya gesi ya kupikia ni vipande viwili vinavyochomekana. Ukibadilisha gesi, badilisha nozeli. Ongeza hapo miwani ya kivuli namba 5, glavu za ngozi, kiwashio cha cheche na seti ya sindano za kusafishia nozeli. Kiberiti cha gesi cha mfukoni kikae mbali kabisa. Karibu na moto wa tochi ni bomu dogo mfukoni.

Mitungi ya oksijeni na asetilini kwa kawaida hubaki mali ya kampuni ya gesi. Unaweka amana na kulipa kodi, na hiyo kodi inaendelea hata ukiwa hujawasha tochi mwezi mzima. Ndiyo maana watu hushawishika kununua mtungi wa mtumba kwa bei poa. Tatizo linakuja siku ya kujaza. Begani mwa mtungi pamegongwa tarehe ya jaribio la shinikizo, na ikiwa imepitwa au imesagwa, au mtungi una chapa ya kampuni nyingine, utakataliwa, na ni haki. Mtungi wa kijambazi ulionunuliwa kwa bei ya kutupa unageuka kuwa chuma chakavu. Gesi ya kupikia nayo ina sheria yake: kanuni za mwaka 2019 zinakataza mtu kujaza mtungi wa chapa fulani bila idhini ya mwenye chapa hiyo. Usijaze uchochoroni kwa kuokoa shilingi chache. Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, ulitokea kwenye eneo la gesi ambalo EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, ilikuwa imelinyima kibali.

Kuufikisha mtungi nyumbani ni hatua ambayo haipewi uzito wake. Tuktuk inavutia kwa bei, lakini mtungi utalala, na ukilala valvu inaweza kugongwa kwenye kila kona ya barabara. Lipia pikapu iliyo wazi nyuma, mtungi usimame, ufungwe kwa kamba mahali pawili, regyuleta iwe imetolewa na kofia ya valvu imefungwa. Kofia ile ndiyo inayozuia valvu isikatike mtungi ukianguka, na mtungi wa bar 150 uliokatika valvu hupasua ukuta wa matofali. Asetilini ina sharti la ziada. Ndani ya mtungi wake gesi imeyeyushwa kwenye asetoni iliyonyonywa na kitu chenye vitundu kama sifongo. Ukilazwa, asetoni inakimbilia kwenye valvu. Ikiwa ulilala njiani, usimamishe na uuache usiku kucha kabla ya kuutumia.

Mahali pa kuiweka. Hapa pwani nataka niseme wazi: banda la makuti halina nafasi katika kazi hii. Cheche moja ya kukatia huruka mita kadhaa, na makuti makavu ya kaskazi hushika kabla hujaivua miwani. Kazi ifanyike uani chini ya mabati au angani kabisa, na upepo uwe unatoka mgongoni mwako, ukipeleka cheche kusiko na nguo za kuanikwa, magunia ya makaa wala jirani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni na kujaa kwenye shimo la gereji, mfereji wa maji machafu au chumba kilicho chini. Gereji yenye shimo la kukaguliwa magari isiwe na mtungi wa gesi ndani, hata uliofungwa. Mitungi ikae nje, kivulini, imesimama na imefungwa mnyororo, na ile isiyotumika ya oksijeni itengwe na ya gesi kwa mita 3 au zaidi.

Adui wa oksijeni ni mafuta. Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini chini ya shinikizo huifanya grisi iwake bila kiberiti. Hapa kwetu mkono mara nyingi una kitu: oili ya injini, grisi, au mafuta ya nazi yaliyopakwa asubuhi. Nawa kwa sabuni na ukauke kabla ya kugusa regyuleta. Nati ikikaza kwa kutu, usiitie oili hata tone. Tepu nyeupe ya mafundi bomba pia haitakiwi pale. Kiungio hicho hukaza chuma kwa chuma. Na ile tabia ya kupulizia vumbi kwenye nguo kwa oksijeni, au kujazia tairi, ikome. Hewa ina asilimia 21 ya oksijeni. Nguo iliyolowa oksijeni hata kwa nyongeza ndogo huwaka mwili mzima kwa cheche moja, na kuizima kwa mikono haiwezekani.

Siku ya kufunga, fungua valvu ya oksijeni kidogo kwa kufumba na kufumbua kabla ya kuweka regyuleta, ili vumbi lililokaa mdomoni litoke. Simama pembeni. Funga regyuleta, vizuia-moto, mipira, tochi, kwa spana inayoenea sawasawa. Legeza skrubu za regyuleta kabisa. Kisha fungua valvu ya oksijeni polepole mno, kwa sababu ikifunguliwa kwa ghafla oksijeni hubanwa ndani ya regyuleta na kupata joto la kuweza kuiwasha. Geji ikitulia, fungua valvu hiyo hadi mwisho. Ya asetilini inatosha mzunguko mmoja, na ufunguo wake ubaki juu yake ili mtu yeyote aweze kuifunga haraka. Paka povu la sabuni isiyo na mafuta kwenye kila kiungo. Halafu fanya jaribio ambalo povu haliwezi kulifanya: jaza mipira shinikizo, funga valvu za mitungi, subiri dakika tano na utazame mishale ya geji. Ikishuka, kuna mahali panavuja, na huwashi leo.

Shinikizo la asetilini lisizidi bar 1 kwenye mpira. Juu ya hapo gesi hiyo inaweza kujivunja na kulipuka bila hewa wala moto. Wala usiivute haraka kupita kiasi: kanuni iliyozoeleka ni sehemu moja ya saba ya mtungi kwa saa, la sivyo asetoni hutoka pamoja nayo. Kwa kukata bamba la milimita 6 hadi 12, oksijeni ya bar 2 na gesi ya bar 0.2 ni mahali pazuri pa kuanzia. Wanaoongeza oksijeni wakidhani watakata haraka hupata mkato mpana wenye mikunjo na mtungi mtupu.

Kabla ya kuwasha, pitisha kila gesi peke yake sekunde chache, kwenye hewa wazi, ili mchanganyiko wowote uliobaki mpirani utoke. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoleta moto wa kurudi. Fungua gesi kidogo, washa kwa cheche, kisha ongeza oksijeni mpaka koni za ndani zipate ncha safi. Ukisikia mlio wa "pap" na moto ukazimika, nozeli imegusa chuma, imechafuka, imepata joto jingi au shinikizo limeshuka. Zima, safisha, poza, anza upya. Ukisikia filimbi au mvumo ndani ya mpini na moto hauonekani nje, moto uko ndani. Funga oksijeni ya tochi papo hapo, halafu gesi, halafu mitungi. Usiwashe tena mpaka ukague mipira na vizuia-moto. Kizuia-moto ambacho kimeshakatiza gesi kwa kawaida hubadilishwa.

Mtungi wa asetilini ukianza kupata joto wenyewe, tochi ikiwa imezimwa, hapo hakuna ufundi tena. Toa watu wote, majirani pia, usiuguse wala kuuhamisha, piga 999 au 112. Hatari hiyo hukaa kwa masaa hata baada ya kuonekana imetulia.

Magari yana mitego yake. Shokabsoba imefungwa na ina mafuta na gesi ndani. Ukipasha bolti iliyo karibu nayo, mwili wake ukipata moto hupasuka. Ivue kwanza au kata bolti kwa msumeno. Tangi la petroli halichomelewi nyumbani, hata lililooshwa, hata lililokaa tupu mwaka mzima. Mabati na vyuma vilivyopakwa zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa usiku ule ule. Kwangua zinki kwanza na ukae upande wa upepo. Sehemu iliyopuliziwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini isikaribiwe na moto, kwani mvuke wake hugeuka sumu. Usikate chuma kikiwa kimelazwa juu ya sakafu ya saruji: unyevu ulio ndani ya saruji huchemka na vipande hurukia usoni. Weka bamba la chuma juu ya mchanga. Kuwe na mtungi wa kuzimia moto wa unga, wa kilo 6 au 9, upande wa kutokea, si nyuma ya moto. Ukimaliza, baki hapo nusu saa. Cheche iliyoingia kwenye gunia huchukua muda wake.

Kuzima: funga gesi kwenye tochi, kisha oksijeni. Funga mitungi. Fungua tochi tena upande mmoja mmoja mpaka geji zirudi sifuri, kisha legeza skrubu za regyuleta. Watu huacha mipira imejaa usiku kucha, na asubuhi hushangaa gesi imekwenda wapi. Kwa hewa yetu ya chumvi, vua regyuleta ukijua hutatumia wiki hiyo, ifunike kwa kitambaa kikavu, si nailoni inayoshika jasho, na uiweke ndani. Mipira itazame kila mwezi kwa kuipinda. Ukiona nyufa ndogo kwenye mpindo, kata hasara, nunua mwingine.

Usimalize oksijeni mpaka sifuri. Ikibaki kama bar 2, funga valvu, weka kofia, andika neno TUPU kwa chaki begani na urudishe, kwani mtungi ulioachwa wazi huvuta hewa yenye unyevu na kutu huanzia ndani. Dai risiti ya kuurudisha siku hiyo hiyo, maana kodi husimama kwa tarehe iliyoandikwa pale.